Kichwa cha Karatasi

Kwa siku tatu kichwa cha Diederik kilikaa chini ya kitanda changu, kimefunikwa kwa shuka kuukuu, na kila nilipopita nilikisukuma kidogo kwa kidole cha mguu, kukikumbusha kwamba siku zinahesabika.

Usishtuke. Mwenye kichwa alikuwa mzima wa afya, anapanda baiskeli, ananipigia simu asubuhi na jioni. Hicho cha chini ya kitanda kilikuwa cha karatasi na gundi ya unga wa ngano, kazi yangu ya muhula katika somo la Sanaa ya Mwanzo. Bi Marga, mwalimu wetu, alikizunguka mara mbili akakipa tisa kwa kumi.

"Rianne, huyu mtu unampenda," alisema. "Inaonekana kwenye masikio."

Nikamshukuru. Sikumwambia karatasi zile nilizitoa wapi.

Diederik mwenyewe ndiye aliyenikalia kielelezo, alasiri sita, kwenye chumba cha sanaa chenye dirisha kubwa. Aliketi kwenye kigoda, nami nikamzunguka kwa mikono yangu yenye gundi, nikipima taya lake kwa vidole, umbali wa jicho na jicho, mahali nywele zinapoanzia nyuma ya sikio. Mahali pale nilikuwa nimepabusu mara nyingi. Sasa nilipapima.

"Usitabasamu," nilimwambia. "Mdomo ukihama nitakosea."

"Nikuangalie wewe halafu nisitabasamu? Unanionea."

"Basi angalia ukuta."

"Ukuta hauna vidoti puani."

Mtu mwenye maneno kama hayo ungempiga busu au kofi. Mimi nilimgeuza kidevu upande wa dirishani.

"Mikono yako ya baridi leo."

"Gundi hiyo."

Sauti yake ikashuka. "Rianne, kuna jambo nataka kukwambia. Nimelibeba wiki nzima."

"Likae. Ukisema, shingo inacheza."

Likakaa. Na langu nililikalia pia. Tukawa watu wawili ndani ya chumba kimoja, kila mmoja amemeza jiwe lake, na katikati yetu kichwa cha tatu kinaota pua.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana kisasi kisichojulikana mzizi wake ni ukorofi tu.

Mimi ni mtoto wa sokoni. Mama yangu, Corrie, anakaanga samaki kwenye soko la Leiden kila Jumatano na Jumamosi, na nimekua nyuma ya meza yake nikinuka mafuta. Nilipofika miaka ishirini na minne nikasema basi, nakwenda chuo. Nikachagua masomo mawili ya kuanzia: anthropolojia, kwa sababu niliambiwa ni kusoma maisha ya watu, na mimi umbea ninao wa kuzaliwa, na Sanaa ya Mwanzo, kwa sababu nilitaka mikono yangu ifanye kitu kisicholiwa.

Siku ya kwanza Bi Marga alitukalisha wawili wawili. Mtazame mwenzako, chora, usiangalie karatasi hata mara moja. Mbele yangu wakamweka kijana mrefu wa Wassenaar, wa nyumba zile zenye lango. Dakika kumi tulitazamana. Nenda kamtazame mtu usiyemjua kwa dakika kumi bila kupepesa, halafu urudi uniambie moyo wako uko wapi. Tulipogeuza karatasi, alikuwa amenipa pua juu ya sikio, nami nimempa jicho moja kwenye shingo. Tulicheka mpaka tukatolewa nje. Na huko nje tukaendelea.

Shangazi Toos alimpinga tangu mwanzo. Yeye ni dada wa baba yangu, na baba alipoondoka yeye alibaki upande wa mama, wifi na wifi kama pacha.

"Mtoto wa lango," alisema. "Anaingia kwetu kama anaingia jumba la makumbusho. Umeona anavyotazama kopo langu la biskuti?"

Kopo hilo halina mzaha. Mgeni akija hupewa kahawa na biskuti moja, halafu shangazi anafunga kifuniko, tap. Ndivyo alivyofanya mama yake, na bibi yake. Diederik alipofunikiwa mara ya kwanza mkono wake ulikuwa tayari hewani kufuata ya pili.

Lakini mama alimpenda. Alimfundisha kupaka samaki unga, akamwita "mwanangu", na Septemba akamwandika kwenye kalenda. Kwetu kila nyumba ina kalenda ya siku za kuzaliwa, haibadilishwi mwaka hata mwaka, na inatundikwa chooni, mbele ya macho ya aliyeketi, asiwepo wa kusingizia amesahau. Ukiandikwa pale kwa wino umekuwa mtu wa nyumba hiyo. Mama aliandika: *Julai 14, Diederik.* Chini yake, kwa wino uliofifia, palikuwa na baba: *Julai 15, Wim.*

Habari ya baba ilikuwa hivi. Sokoni kote ilisemwa kwamba Wim yuko Norwei, kwenye mitambo ya mafuta baharini, mwaka wa kumi na moja huo. Na kila Jumamosi mwuza jibini wa meza ya pili alimwuliza mama, "Wim anaionaje baridi ya huko?" na mama akajibu, "Anaizoea, anaizoea." Ukweli ni kwamba baba alikuwa Zoetermeer, nusu saa kwa basi, na mwanamke mwenye duka la mapazia.

Ukweli huo nilimpa Diederik mimi mwenyewe. Jioni moja, kichwa changu kifuani kwake, nikamwambia kila kitu, kwa sababu nilidhani kifua kile kina mlango. Kumbe kilikuwa dirisha.

Aliandika insha. Kurasa kumi na nane za anthropolojia, juu ya ukarimu na siri katika familia moja ya wachuuzi. Humo akampa mama jina la Cobi, na shangazi la Truus, akadhani amewaficha. Biskuti imo, kifuniko kimo, choo kimo. Na Norwei imo. Tena aliandika kwamba majirani wote wanajua Wim yuko wapi, na wote wanamsaidia mkewe kudanganya. Profesa akampa tisa na nusu, chuo kikaiweka mtandaoni na insha bora za mwaka, na binti wa mwuza jibini, anayesoma hapohapo, akaisoma akiwa kwenye treni.

Jumamosi ile Diederik alikuwa amekuja kumsaidia mama kumenya viazi. Mwuza jibini akaja kununua samaki wake kama kawaida. Akapokea. Akasema, "Asante, Corrie," akaondoka macho yakiwa chini. Hakuuliza baridi ya Norwei. Akaja wa maua, hakuuliza. Akaja wa soksi, hakuuliza. Kufika saa sita mama alikuwa ameelewa, ingawa hakujua bado imetokea wapi.

Nyumba zetu ni ndogo. Wenye nyumba ndogo hulilia chooni. Jioni ile nilisimama nje ya mlango nikimsikia mama, na nilijua anatazama Julai.

Insha nililetewa Jumatatu na binti wa jibini, uso umemshuka. Niliisoma nimesimama. Nilipomaliza sikulia. Nilikwenda duka la nakala nikaichapa mara tatu, kwa sababu kichwa cha mtu mzima kinataka karatasi nyingi.

Sasa, tarehe tano Desemba ni jioni ya Mtakatifu Nikolaasi, mzee wa ndevu agawaye zawadi, na jioni hiyo kwetu ina sheria zake. Mwezi kabla, watu wa nyumba huchota vikaratasi vya majina kwenye kofia. Uliyemchota unamtengenezea zawadi ndani ya umbo la kuifichia, na unamwandikia shairi la vijembe linalomsema ila zake zote. Shairi halina sahihi. Limeandikwa na Mtakatifu mwenyewe. Anayepewa ndiye anayelisoma, kwa sauti, mbele ya wote, mpaka mwisho. Na haruhusiwi kukasirika.

Diederik alikuwa amechota nasi mapema Novemba, kabla ya balaa. Ukishachota, lazima uje.

Nilikwenda kwa shangazi Jumatatu ileile niliyoisoma insha. Alikuwa ameshaisoma, binti wa jibini hakubakisha nyumba.

"Mimi Truus," alisema. "Miaka sitini na mbili nimekuwa Toos, leo nimekuwa Truus. Na amehesabu biskuti zangu, Rianne. Ameandika 'moja, bila ubaguzi'."

"Shangazi, umemchota nani?"

"Haisemwi."

"Mimi nimemchota mumeo."

Akainuka, akafungua droo ya vijiko, akatoa kikaratasi kimekunjwa. "Mimi nimemchota msomi," alisema. "Nilikuwa nimemnunulia soksi. Chukua. Lakini Rianne, mama yako asiumie mara ya pili."

"Haumii mama. Anaumia yeye."

"Mh. Moto wa nyumba ya jirani nao husema hauvuki ukuta."

Sikumsikiliza. Asubuhi ya tarehe tano niliingia chooni na mkasi wa chumba cha sanaa, nikaikata Julai haraka haraka kabla mama hajarudi kutoka kununua soseji. Nikakikunja kipande kile, nikakitia ndani ya kichwa kupitia shingoni, nikaziba kwa ukurasa wa mwisho wa insha.

Diederik alifika saa kumi na moja jioni, mvua imemlowesha, amekumbatia sanduku dogo. Tulikuwa watano: mama, shangazi Toos, mumewe mzee Arie ambaye husema maneno sita kwa siku, Diederik na mimi. Mama alikuwa amepika supu ya njegere, nzito, kijiko kinasimama. Alimpokea koti.

"Karibu, mwanangu," alisema, lakini hakumtazama. Neno lilitoka kwa mazoea, kama mguu unaoijua ngazi gizani.

Diederik akanikalia karibu. Goti lake likagusa langu, nami nikaliacha liguse. Nakwambia ukweli, hata saa ile goti langu lilikuwa halijapewa habari. Lilipata joto kama zamani.

"Hujapokea simu yangu tangu jana," alininong'oneza.

"Nilikuwa nafunga zawadi."

"Baada ya hapa tutembee kidogo. Lile jambo..."

"Kula supu."

Meza ikayumba. Ina mguu mmoja mfupi, na kila mwaka mzee Arie anaahidi. "Nitaitengeneza kesho," alisema, hayo yakawa maneno yake mawili.

Baada ya supu shangazi alileta gunia. Kwanza akatoa zawadi ya mumewe: nilikuwa nimemwachia shangazi amtengenezee badala yangu, na kwa haraka aliyokuwa nayo alimpa zile soksi ndani ya kiatu cha maboksi, na shairi la mistari miwili juu ya miguu ya meza. Mzee Arie akasoma, akaitikia kwa kichwa. Tulicheka. Hata mama alicheka.

Kisha shangazi akatoa sanduku dogo. "Corrie," alisoma.

Mwili wa Diederik ulikakamaa ubavuni mwangu. Nikajua ni lake.

Ndani palikuwa na samaki wa udongo, amefinyangwa vibaya, mkia umepinda. Sanaa ya Mwanzo tupu. Mama akavaa miwani akafungua karatasi, akasoma polepole:

*"Mzee wa ndevu hajui kutunga,*
*alipewa mkate, akamwaga unga.*
*Aliyoyaandika ameyafuta chuoni;*
*kilichobaki ni hiki, kitie motoni."*

"Vina vya kuazima," alisema shangazi.

Mama alimvunja samaki kwenye ukingo wa meza. Ndani mlikuwa na daftari jembamba jeusi lililokunjwa na kufungwa uzi. Nililijua. Lilikuwa likikaa mfuko wa kushoto wa koti lake, juu ya moyo, na mimi mjinga niliwahi kuwaza linaona raha.

Mama hakulifungua. "Ameyafuta?" aliuliza, akiwa anaiuliza ile karatasi.

Kwa sheria ya jioni ile hakuna mtu anayejibu kwa niaba ya Mtakatifu. Lakini Diederik alijibu, akitazama mikono yake. "Jumatatu ile, mama. Baada ya ile Jumamosi ya sokoni. Nilisikia wasivyouliza. Nilikwenda kwa profesa nikaitoa, ikatolewa na mtandaoni. Nimefeli somo, nitalirudia mwakani. Nilitaka kusema, nikaogopa."

"Ulimwogopa nani?" aliuliza shangazi.

"Rianne."

"Akili unayo, basi. Kidogo."

Hapo ndipo ningeweza kuacha. Shangazi alikuwa na mkono ndani ya gunia, ameshakishika, na macho yake yaliniuliza waziwazi: nikiache humu? Nikamtazama mama. Miwani ilikuwa imeingia ukungu. Nikakumbuka mlango wa choo, na mimi nje yake, na kile kilio cha mtu anayejizuia asisikike na mwanawe. Kufuta ni rahisi kwa aliyeandika. Aliyoyasoma yule wa maua, na yule wa soksi, yatafutwa na nani?

"Toa," nilisema.

Kikatoka. Shangazi akakiweka katikati ya meza, akavuta shuka.

Mzee Arie alisema, "Loo." Hilo la tatu.

Kilikuwa yeye mtupu: taya, kigongo cha pua, masikio yale yaliyosifiwa. Chuoni maandishi yalitazama ndani; tabaka la juu nililibandika nyumbani, bila rangi, kwa hiyo kwenye paji la uso ulisoma *biskuti moja, bila ubaguzi*, na kuzunguka jicho la kushoto, *kalenda hutundikwa chooni*. Diederik alijitazama. Damu ikamkimbia usoni, uso wa nyama ukawa mweupe kuliko wa karatasi.

"Kuna shairi," nilisema. "Sheria."

Akalichukua. Sauti yake ilianza imara, kwa malezi ya Wassenaar.

*"Mimi mzee wa ndevu, nimetoka safarini,*
*Nimesikia werevu, wa Diederik darasani,*
*Kala supu, kala mbivu, kakaribishwa mezani,*
*Akawapaka majivu, kalamu i mfukoni.*

*Aliketi akicheka, daftari kwenye goti,*
*Kila neno likitoka, kalitia kwenye koti,*
*Kopo likifunikika, kahesabu biskuti,*
*Siri iliyofichika, kainunulia cheti."*

Hapo alisimama.

"Mpaka mwisho," alisema shangazi, lakini si kwa ukali wake wa kawaida.

*"Sasa kichwa umepewa, kimefanana na chako,*
*Kwa maneno kimejawa, yaliyo maneno yako,*
*Na nyundo umegaiwa, kivunje kwa nguvu zako,*
*Ndani umerudishiwa, zawadi ya jina lako."*

Nikamsogezea nyundo ya jikoni, ile ya kupondea nyama.

"Alasiri sita," aliniambia taratibu, kana kwamba hapakuwa na mtu mwingine mezani. "Ulinishika uso alasiri sita, na ulikuwa unajua."

"Ulinikalia alasiri sita, na ulikuwa unajua."

"Nilitaka kukwambia."

"Na mama alitaka nini, ulimwuliza? Profesa alitufundisha wiki ya kwanza, mimi na wewe, benchi moja: omba ruhusa kwanza. Wewe uliandika kwa wino wa kijani, ukapigia mstari."

Akainua nyundo. Pigo la kwanza lilibonyeza shavu tu. Karatasi ya tabaka kumi na mbili si ganda la yai. Akapiga tena, na tena, na kila pigo meza iliyumba na vijiko vikacheza. Nilikuwa nimengoja furaha ya saa ile kwa wiki mbili. Niliipata, sitakudanganya. Kwenye pigo la tatu niliionja, tamu kabisa. Kwenye la tano paji likafunguka, na nikaitazama mikono yake, ile mikono iliyowahi kunipa pua juu ya sikio, na utamu ukaanza kuwa na uchachu.

Akaingiza vidole viwili akatoa kile kipande. Akakikunjua.

"Kumi na nne," alisoma. "Diederik." Akafunga macho kidogo. Alijua maana yake. Kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Kisha akayafungua, jicho likashuka mstari wa chini, na uso wake ukabadilika. Haraka akakifumbata kipande chote ngumini.

"Chini yake pameandikwaje?" aliuliza mama.

"Hakuna kitu, mama."

"Kuna kitu. Nimekuona."

"Hakuna."

Akanitazama. Lile jicho nalibeba mpaka leo. Halikuwa na hasira hata chembe. Lilikuwa linaniuliza, nifanyeje, umekosea, nifanyeje. Na hapo nikaelewa. Mkasi, haraka, soseji. Nilikata tarehe kumi na nne nikabeba na kumi na tano pia. Nilikuwa nimemkata baba kwenye kalenda ya mama, siri yake ambayo hata kuisema hajawahi, nikaiweka juu ya meza ya watu. Bila ruhusa. Mimi, niliyekaa wiki mbili nikimhukumu mwenzangu kwa kosa hilohilo. Na mwenzangu amekaza ngumi juu ya siri ile kama mtu aliyeshika kaa la moto, hataki kuifungua.

"Mama," nilisema, "ni mimi. Nimeikata vibaya."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha meza. Akanyoosha mkono mbele ya Diederik, kiganja juu, kama anavyonyoosha sokoni.

"Nipe, mwanangu."

Safari hii neno halikutoka kwa mazoea. Akampa.

Mama akakisoma muda mrefu kwa kitu chenye majina mawili. Halafu akakichana katikati, kwa utulivu, baina ya mstari na mstari. Kipande cha chini akakitia ndani ya kichwa kilichopasuka.

"Yuko Zoetermeer," alisema. "Kwa mwanamke wa mapazia. Nusu saa kwa basi."

Mvua tu dirishani.

"Tunajua, wifi," alisema shangazi.

"Tangu lini?"

"Tangu siku aliyobeba masanduku. Moja lilikuwa langu. Hajalirudisha."

Mama alimtazama shangazi. Kitu kikamshika mabegani. Nikadhani ni kilio, nikainuka nusu. Ilikuwa kicheko. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na meza ikayumba, na shangazi akaangua naye, mawifi wawili machozi yanawatiririka, na mzee Arie akasema, "Lilikuwa sanduku zuri," akamaliza maneno yake ya siku.

"Miaka kumi na moja," mama alisema alipopata pumzi. "Kila Jumamosi mimi na baridi ya Norwei. Nimechoka na baridi ile." Akachukua lile daftari jeusi, bado limefungwa uzi, akainama akalisukuma chini ya mguu mfupi. Akaijaribu meza kwa kiganja. Ikatulia tuli. "Huyu kijana ameandika kitu chenye manufaa hatimaye."

Kipande cha juu akaniwekea mimi mkononi. *Julai 14, Diederik.* Wino wa mama, herufi zake za mviringo.

"Gundi ya unga bado unayo?"

"Ipo, mama."

"Wewe ndiye uliyekata. Kazi ya kubandika siifanyi mimi." Akaenda jikoni kuchemsha kahawa, na mlango akauacha wazi apate kusikia, maana huo umbea wangu sikuuokota barabarani.

Diederik alikuwa amepiga magoti, anaokota vipande vya uso wake sakafuni. Sikio moja lilikuwa limevingirika mpaka kwenye kiatu changu. Akalichukua, akabaki palepale chini, ananitazama kama siku ile ya kwanza, bila kupepesa.

"Ulikifumbata kipande," nilisema.

"Haikuwa yangu kuisoma."

"Umejifunza lini?"

"Umenifundisha sasa hivi. Kwa nyundo." Akajaribu kutabasamu, akashindwa. "Rianne, utakibandika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Goti langu lilikuwa limeshasema. Lakini nilimkumbuka mwuza maua na macho yake ya chini, na kichwa hakijengwi siku moja; mimi nilitumia alasiri sita na tabaka kumi na mbili, kila moja ikingoja ya chini yake ikauke.

"Leo ni tarehe tano Desemba," nilimwambia. "Siku yako ni kumi na nne Julai. Una miezi saba na siku tisa. Kila Jumamosi saa kumi na moja alfajiri utakuwa sokoni, utaosha sufuria za mafuta, na watu wote uliowaandika watapita mbele yako wakutazame. Hutakuja na kalamu. Hata ya risasi."

"Na Jumatano?"

"Jumatano una darasa. Umefeli."

Shangazi alikuwa amerudi toka jikoni na kopo lake, alilokuja nalo kama kila sikukuu. Akagawa kahawa, akagawa biskuti: mama moja, mumewe moja, mimi moja, Diederik moja, naye aliipokea kwa mikono miwili. Kabla hajafunika nikanyoosha mkono. Shangazi akashtuka, akadhani nataka ya pili, jambo ambalo halijatokea kwenye ukoo wetu tangu vita. Nikakiweka kile kipande cha kalenda juu ya biskuti zilizobaki, jina likitazama juu, kingoje Julai.

Shangazi akamtazama Diederik, akanitazama mimi.

Tap.